Dirisha la Nje Huachiwa Pumzi

Watu wa Iisalmi, mji mdogo wa Ufini, wanajua kuzungusha maneno mpaka aliyeuliza asahau alichouliza, lakini Reino Tolvanen hakujaliwa kipaji hicho. Ukimsalimia, atakujibu "mm". Ukimpa habari ya msiba au ya harusi, atasema "mm" mara mbili, na hapo ujue imemgusa. Ndiyo maana mwishoni mwa Agosti, katika mkutano wa wenye nyumba za Pihlajarinne, kila aliyekuwamo aliacha kikombe chake cha kahawa mezani alipomwona mzee huyo anasimama, anashika mgongo wa kiti, na anafungua kinywa.

"Madirisha hayana ubaya," alisema. "Nipeni majira haya ya baridi. Kioo kimoja tu kikitoa jasho kabla ya Machi, mkono wa kwanza kuinuka kukubali mapya utakuwa wangu."

Mkewe, Hilkka, aliyeketi ubavuni pake, alimfinya paja. Alichelewa. Maneno yalikwisha kutoka na katibu alikwisha kuyaandika.

Pihlajarinne ni jengo la mbao la ghorofa mbili, rangi ya manjano, milango kumi na miwili, lililojengwa mwaka 1952. Madirisha yake ni ya zamani hizo hizo. Kila moja ni mawili kwa hakika: la ndani na la nje, kila moja na kioo chake na fremu yake, yote yakifunguka kuelekea chumbani, na katikati yao uwazi wa upana wa kiganja. Mbao zake ni za msonobari uliokua polepole, mgumu, wenye harufu mpaka leo ukiupitishia randa. Lakini mipira ya kuzibia kingo ilikuwa imekufa. Mafundi rangi waliopita miaka ya nyuma waliipaka rangi pamoja na mbao, ikakauka ikawa kama kamba ya kiatu kilichosahaulika juani. Upepo wa kaskazini ukivuma, mapazia yalicheza na mtu alikula supu yake amevaa kofia.

Mwenyekiti wa wakazi, Pasi Remes, alikuwa amekuja na dawa yake. Huyu alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitatu, mpole, mwenye watoto wawili na kikohozi ndani ya nyumba, na alileta kijitabu cha rangi chenye picha za madirisha ya plastiki na alumini. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hakuwa na nia mbaya hata chembe, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kumpinga. Ila gharama ingegawanywa kwa kila mlango, na katika mlango wa kwanza chini, karibu na mti wa pihlaja, ule wa vitunda vyekundu, aliishi Alli Huttunen, bibi wa miaka themanini na sita, aliyeingia humo akiwa bibi harusi. Alli aliposikia hesabu yake hakulia wala hakulalamika. Alisema tu, "Basi mimi nitahamia kwenye nyumba ya wazee," kwa sauti ile ile ambayo mtu husemea kwamba maziwa yamekwisha.

Reino alisimama kwa ajili ya sentensi hiyo. Hakumwambia mtu.

Na hakusimama kwa jeuri ya bure. Kwa miaka thelathini na minane yeye ndiye aliyekuwa fundi wa madirisha ya Pihlajarinne. Alipokuwa na miaka thelathini na sita, kiwanda cha mbao alikofanya kazi kilileta mashine, na mashine ikaleta barua. Alikaa jikoni kuanzia Oktoba hadi Februari akitazama nje, ndevu zimemwota, soksi hazilingani. Siku moja Hilkka akamwambia, "Kama utakaa dirishani, baba, basi lizibe kabisa, miguu inaniganda." Akaliziba. Jirani akaja, akaona, akaomba lake. Msimu uliofuata alizunguka milango yote kumi na miwili, na kila mlango ulimpa kahawa na mkate wa iliki. Akarudi kuwa mtu.

Kazi yenyewe hakuwa na haraka nayo. Alilitoa dirisha kwenye bawaba zake, akalilaza juu ya meza yenye blanketi. Alichokonoa mpira uliokufa kwa patasi butu, akakwangua rangi kwenye mfuo wake mpaka mbao ikaonekana, akapaka mafuta ya kitani, akasubiri. Puti iliyopasuka, ule ugumba wa chokaa na mafuta unaoshika kioo, aliitoa na kutia mpya, akiikanda kwanza viganjani ili ilainike. Kisha akabandika mpira mpya, akikata pembe zake kwa wembe. Bawaba iliyolegea aliikaza, na pale skrubu ilipokataa kushika alichomeka kijiti cha kiberiti kwenye tundu, ikashika. Vifaa vyote vya nyumba moja havikuzidi bei ya viatu vya mtoto. Hilo alilipenda kuliko kitu chochote, kwamba kitu kizuri kilipatikana bila kitu kingi.

Nyuma yake alikuja Hilkka. Ndivyo ilivyokuwa desturi: mwanamume akimaliza kuziba, mwanamke huja na kitambaa na kikapu. Alifuta vioo, kisha akapanga katikati ya madirisha mawili vimea vyeupe vya msituni, vikavu na vyepesi kama sufi, ambavyo watu wa huko huviweka vinywe unyevu na vipendeze macho wakati wa baridi. Hilkka alitumia muda mrefu katika kazi hiyo. Reino alikuwa akimwambia, "Mama, ni majani tu, si kaburi la mfalme." Naye humjibu, "Wewe nenda kanywe kahawa."

Kitu kimoja tu kilimkera. Kila majira ya kuchipua, alipofungua madirisha, alikuta mipira ya nje imenyofolewa vipande vya urefu wa kidole, juu pembeni na chini pembeni. Alijua ni nani. Ni vile vindege vya kifua cha njano, ambavyo kila mtu kule anajua hupenda kudonoa puti kwa ajili ya mafuta yake. Reino alivilaani kwa miaka thelathini na minane. Hilkka alivitundikia mafuta ya nguruwe kwenye mti kila Desemba, na Reino akanung'unika kwamba anawalisha wezi. Hilkka alikuwa akitabasamu na kuendelea kufunga uzi.

Wiki moja baada ya mkutano ule, Hilkka alikwenda kuchuma matunda ya msituni, akateleza juu ya mzizi, akavunjika nyonga. Alipasuliwa katika mji wa Kuopio, akapasuliwa tena kwa kuwa mfupa haukukaa sawa, na kwa kuwa nyumba yao ilikuwa juu, ngazi kumi na tisa, ilikubaliwa abaki kwa binti yao kule Kuopio mpaka Februari iishe.

Kwa hiyo siku ya kazi ya pamoja, wakazi wote walipotoka na reki na ndoo kusafisha uwanja kama ilivyo ada kila vuli, Reino alianza madirisha peke yake. Alifanya kazi kwa namna ambayo hakuwahi kuifanya maishani. Aliahidi mbele ya watu, na Alli alikuwa akimtazama kutoka jikoni kwake. Safari hii hakutia mpira mmoja kwenye dirisha la nje. Alitia miwili, mmoja nyuma ya mwingine. Na vindege navyo alivipatia dawa: alipitisha utepe mwembamba juu ya kila kiungo, kuzunguka dirisha zima, hakuna mdomo wa ndege utakaopenya. Vile vimea vyeupe alivipanga mwenyewe, vibaya, kwa mafungu, lakini alivipanga. Alipomaliza mlango wa kumi na mbili aliweka kiganja kwenye fremu, akasubiri ubaridi. Haukuja. Alijisikia kijana.

Ngoma ikilia sana, haichelewi kupasuka.

Baridi ya kweli ilishuka wiki ya kwanza ya Januari, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri, anga buluu, theluji ikilia chini ya viatu. Asubuhi ya pili Reino aliamka, akaenda jikoni kuweka sufuria ya kahawa, na hakuiona bustani. Kioo cha nje, kwa upande wake wa ndani, kilikuwa cheupe kitupu. Si ua la barafu pembeni, la kupendeza; kioo kizima, juu hadi chini. Vile vimea vyeupe vilikuwa vimelala chini vimelowa kama nywele za mtu aliyetoka kuoga.

Alikwenda sebuleni. Hivyo hivyo. Chumbani. Hivyo hivyo.

Ijumaa alikutana na Pasi katika sauna ya jengo. Walikaa kwenye benchi la juu, uchi, kama wanavyokaa wanaume humo. Pasi alimwaga kata ya maji juu ya mawe, mvuke ukapanda, akasubiri umshukie Reino kwanza.

"Kwangu madirisha yote yamelia," alisema hatimaye. "Kwa jirani yangu Mervi yote. Juu kote."

"Mm."

"Mimi sifurahi, Reino. Usidhani nafurahi. Mtoto anafungua dirisha la ndani, anachora samaki kwenye barafu kwa kidole, na maji yanatiririka mpaka kwenye mbao. Mbao zitaoza."

"Mm. Mm," alisema Reino.

"Mkutano ni tarehe nne Februari. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema."

Wiki iliyofuata alifanya alichojua, nacho kilikuwa kuziba. Kama unyevu unaingia, alifikiri, basi pana tundu, na tundu huzibwa. Alizunguka na karatasi ya gundi, akaongeza utepe juu ya utepe. Alipanda ngazi nje kwenye baridi ile, vidole vimekufa, akapitisha puti kwenye kila mstari wa dirisha la nje uliokuwa na shaka. Kadiri alivyoziba, ndivyo vioo vilivyozidi kuwa vyeupe. Usingizi ulimtoka. Alianza kufikiri kwamba labda Pasi anasema kweli, labda mbao zimechoka kama yeye, na kwamba Alli atatolewa mlangoni na sanduku lake kwa sababu mzee mmoja alishindwa kufunga kinywa chake Agosti. Alikuwa na hofu, hofu ya kweli, ambayo hakuwa nayo tangu ile barua ya kiwandani.

Mlango wa Alli aliuacha mwisho. Aliona haya. Alipogonga ilikuwa saa sita mchana, na Alli alimfungulia akiwa na unga mikononi.

"Ingia, kijana, vua viatu, baridi inaingia."

Reino, mwenye miaka sabini na minne, alivua viatu, akaingia jikoni, akasimama.

Aliuona mti wa pihlaja. Aliliona kila tawi. Aliona vindege vitatu vikigombea mafuta, na nyuma yao uwanja, na nyuma ya uwanja kanisa. Mwanga wa theluji ulikuwa umemwagika mezani mpaka kwenye unga. Kioo cha nje kilikuwa safi, kikavu. Vimea vyeupe vilisimama.

"Hapa," alisema, akilikaribia dirisha, "hapa nilifanya sawa. Hapa nilifanya nini ambacho…"

Alli alianza kucheka. Alicheka mpaka akalazimika kukalia kiti na kujifuta macho kwa mkono wa nguo, akijipaka unga.

"Ulichofanya wewe? Oo, mwanangu. Ulichofanya wewe nimekiharibu mimi. Siku tatu nilisubiri labda Hilkka atapata namna ya kuja. Nikaona hawezi, maskini. Nikachukua kisu cha siagi, nikapanda kwenye kigoda, umri huu, nikachomoa." Alivuta droo, akatoa kipande cha mpira mweusi urefu wa kidole, kimeshikamana na utepe, akakiweka juu ya unga. "Juu pembe mbili, chini pembe mbili. Kama anavyofanya yeye."

"Anavyofanya nani?"

Alli aliacha kucheka. Alimtazama Reino kwa makini, kisha akasema polepole, "Usiniambie hujui."

Reino alikiokota kile kipande, akakifuta unga, na Alli akaendelea.

"Dirisha la ndani unaziba sana, ndiyo. La nje huachiwa pumzi. Huwezi kuzuia mvuke wote usipite la ndani, mtu anapika, anafua, anapumua. Ukishapita unataka pa kutokea. Ukiufungia humo katikati utafanya nini? Utalia kwenye kioo. Hilkka alikuja nyuma yako na kikapu chake kila mwaka, na kila mwaka alichomoa. Nyumba zote. Sisi wanawake tulidhani unajua, ila unajifanya hujui. Wengine bado wanasubiri uchomoe mwenyewe."

"Nilidhani ni ndege," alisema Reino.

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata zote za Pihlajarinne zilikuwa zikijua. Reino alivaa viatu vyake bila kufunga kamba. Alipanda ngazi zake kumi na tisa akakaa jikoni mbele ya kioo cheupe. Kwanza alikuwa na hasira, kali, ya kitoto. Alitaka kumpigia Hilkka simu na kumfokea. Kisha akakumbuka sifa zote, vikombe vyote vya kahawa, jinsi watu walivyomwambia "mikono yako, Reino" na jinsi yeye alivyoitazama mikono yake, na Hilkka amesimama pale pale mlangoni na kikapu. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumapili alipanda treni kwenda Kuopio. Binti yao alikuwa kazini. Hilkka alikuwa jikoni kwenye kiti cha juu, fimbo imeegemezwa kwenye jiko, anamenya viazi. Reino hakumsalimu. Alikiweka kile kipande cha mpira mezani, kati ya maganda.

Hilkka alikitazama. "Alli," alisema.

"Mm."

"Umekula?"

"Miaka thelathini na minane, mama."

"Mara ya kwanza nilikwambia," alisema Hilkka, akaendelea kumenya. "Hukumbuki. Baridi ya kwanza kabisa, kioo kilipolia. Nilikwambia mama yangu alikuwa akisema dirisha la nje huachiwa pumzi. Ukanuna siku kumi na moja. Nilizihesabu. Siku ya kumi na mbili ukasema 'nipe chumvi'. Nikajiambia, bora nichomoe kuliko niseme."

"Ungesema baadaye."

"Baadaye lini, baba? Watu walikuwa wameanza kukuita. Ulikuwa umeanza tena kunyoa ndevu asubuhi. Ulikuwa unapiga mluzi kwenye ngazi. Mimi niende niharibu hayo kwa sababu ya kipande cha mpira?" Kisu kilisimama. "Nilikuwa nimekupata tena. Sikutaka kukupoteza mara ya pili."

Reino aliketi. Viazi viliendelea kuanguka ndani ya sufuria kimoja kimoja.

"Sasa sikiliza," alisema Hilkka. "Rudi leo. Kesho zunguka nyumba zote, sema unakagua, chomoa pembe zote nne. Kwa baridi kavu kama hii, siku tatu vioo vitakuwa safi. Wakikuuliza, sema ni mpira wa kiwanda ulikuwa mbaya. Sema ni hali ya hewa. Usiende kujivua nguo mbele ya watu."

"Pasi amepiga picha."

"Picha na zikae kwenye simu yake."

"Watasema mwakani yatalia tena. Watasema mbao zimekufa. Alli atahama."

Hilkka alishika fimbo, akainuka. Alimwandalia viazi na samaki, Reino akala, akapanda treni ya jioni. Njia nzima alijaribu kutunga uongo unaotosha, na hakuna uliotosha. Kama madirisha hayana kosa, na hali ya hewa haina kosa, basi kosa lina mwenyewe. Usiache mbachao kwa msala upitao, wazee husema, lakini mbachao nao unahitaji mtu wa kuusemea.

Hakuchomoa kitu. Aliviacha vioo vyote vilie, ili ionekane.

Tarehe nne Februari, saa saba mchana, Jumamosi, wakazi walikusanyika katika chumba cha mikutano karibu na chumba cha kufulia. Pasi alikuwa na kijitabu chake na picha zake. Alisoma kumbukumbu za Agosti, pamoja na ile sentensi, bila kumtazama mwenye sentensi. Kisha akasema, "Reino, unataka kusema lolote?"

Reino alisimama, akashika mgongo wa kiti. Hotuba aliyoitoa ndiyo ndefu kuliko zote za maisha yake, na wengi mpaka leo wanaweza kuirudia.

"Madirisha hayana kosa. Mwenye kosa ni mimi. La nje linatakiwa liachiwe nafasi, mimi nililiziba. Nimeliziba kila mwaka. Miaka thelathini na minane nimekosea kila dirisha katika nyumba hii." Aliwageukia wote. "Hamkuona kwa sababu Hilkka alikuwa akija nyuma yangu na kurekebisha. Kazi mliyokuwa mkinisifia ilikuwa yake. Mwaka huu hayupo. Mmeona wenyewe kazi yangu mimi."

Hakuna aliyecheka. Wanawake watatu wa umri mkubwa walitazama ndani ya vikombe vyao kama wanaosoma kitu humo.

"Kama hamuamini, twendeni kwa Alli," alisema Reino, akakaa.

Wakaenda. Jozi ishirini za viatu zilipangwa nje ya mlango wa kwanza, na watu wakajibana jikoni kwa soksi zao, wengine ukumbini wakinyoosha shingo. Mti wa pihlaja ulionekana, tawi kwa tawi. Pasi alifungua dirisha la ndani, akapitisha kidole kwenye pembe ya juu ya dirisha la nje, akakuta pengo, akausikia ubaridi mdogo ukimgusa ukucha. Kisha akaweka kiganja kizima kwenye kioo. Kilikuwa kikavu.

"Kisu cha siagi?" aliuliza.

"Kisu cha siagi," alisema Alli. "Na kigoda. Usiwaambie watu wa afya."

Pasi alifunga dirisha taratibu, akageuka. Kwa kuwa wote walikuwapo, na kwa kuwa sheria ni sheria hata jikoni, akasema kura ipigwe pale pale, mlango mmoja mkono mmoja. "Wanaotaka madirisha mapya."

Mkono mmoja ukainuka. Ulikuwa wa Reino.

"Shusha mkono, kijana," alinong'ona Alli, akimvuta sweta.

"Nilisema."

"Tunajua ulisema. Shusha."

"Nilisema kioo kimoja. Vimelia vyote." Mkono ulibaki juu, na uso wake ulikuwa mwekundu, na macho yake yalikuwa kwenye sakafu. Mle jikoni kila mtu alielewa kwamba mzee huyu angempigia Alli kura ya kumtoa nyumbani, huku akilia mwenyewe, kwa sababu neno lilikuwa limeandikwa.

Pasi alisubiri. Alisubiri kwa uaminifu wote, kama mwenyekiti anavyopaswa, akizungusha macho kwa kila mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa ameweka mikono yake yote miwili mfukoni.

"Mmoja," alisema. "Wanaotaka ya zamani yabaki?"

Alihesabu kumi na moja, pamoja na wake. Alli aliinua mkono wake mwembamba, kisha akaenda kuweka sufuria ya kahawa. Katibu akauliza kumbukumbu ziandikweje kuhusu msimamizi wa madirisha kuanzia sasa. Reino akasema, "Andika Hilkka Tolvanen. Mimi niandike msaidizi." Ikaandikwa.

Jioni ile hadi usiku kuingia visu vya siagi vilifanya kazi nyumba nzima. Kufikia Jumatano vioo vilikuwa safi kote, isipokuwa kwa Reino mwenyewe, ambaye alikuwa amezunguka kwa watu akisahau kwake.

Hilkka alirudi mwisho wa mwezi. Reino alimpokea stesheni, akabeba mfuko, akaenda kwa hatua za mkewe. Hilkka alikuwa amekwisha kuambiwa yote. Alli ana simu na hana kazi nyingi. Walifika chini ya ngazi, Hilkka akasimama kupumua, akiegemea fimbo, na hapo ndipo hasira yake ilipotoka.

"Nilikwambia usijivue nguo mbele ya watu. Nani alikutuma? Nilikufichia miaka yote hiyo, Reino. Wala haikuwa mzigo. Ningekufa nayo."

"Najua," alisema Reino. "Ndiyo maana nimesema wakati ungali hai."

Hilkka alimtazama. Kisha akampa ile fimbo aishike, apate mkono wa kufutia macho.